Wimbo wa Kabla Pasi Haijapoa

Binti aliyeanzisha kundi letu la watunzi alikuwa mwalimu wa sekondari, mgeni Tabora, na alikuja na mambo ya kwenye simu. Alituambia, mimi na fundi cherehani ambaye dukani kwake ndipo tulipokutana, kwamba dawa ya mtunzi aliyekauka ni kupewa muda mfupi na watu wa kumsikiliza. Akaiita chalenji. Saa moja, wimbo mmoja, kisha unauimba mbele ya wenzako ulivyo, hata ukiwa mstari mmoja.

Nilimcheka. Nimetungia kwaya ya parokia yetu kwa zaidi ya miaka ishirini na sijawahi kukimbizana na saa. Wimbo si maandazi. Jumamosi ya kwanza nilikwenda kwa sababu moja tu: niwaone wanavyoaibika, kisha nirudi kwenye asali yangu sokoni nikiwa na la kusimulia.

Ukweli ni kwamba nilikuwa mkavu kuliko wote. Mwaka wa pili ulikuwa unakwisha sijaandika hata kiitikio. Nilitunga wimbo wa jubilei ya parokia, watu wakausifia mno, hata wasionisalimu wakaanza kunishika mkono mlangoni mwa kanisa, na tangu siku hiyo kila nilichoanza nilikiona kidogo. Sifa ziliniziba koo. Ningeufia ukame wangu kimya kimya, ila kulikuwa na mzee.

Mzee huyo ndiye aliyenifundisha muziki. Alikuwa Mgogo, mfupi, mkali, gadi wa treni aliyeletwa Tabora na kazi ya reli, akaoa hapa, akazeekea hapa. Kwaya aliifundisha kwa filimbi ileile aliyokuwa akiruhusia treni pale stesheni ya Igalula. Ukikosea, filimbi. Ukipatia, hupati kitu. Kwa miaka yote hiyo sikumsikia akisema "vizuri," si kwangu, si kwa mkewe, wala kwa askofu. Sasa figo zilikuwa zimemlaza, na alikuwa ameniomba jambo moja: nimtungie wimbo wa kumzika.

"Hizi za kitabuni nimezifundisha mwenyewe," alisema. "Najua kila mahali zinapokosewa. Sitaki kulala kaburini nikiwasikia besi wanachelewa."

Nikakubali. Ungekataaje? Kila Jumapili baada ya misa nilipita kwake na shikamoo yangu, naye kabla ya marahaba aliniuliza, "Bado?"

"Bado, Mzee."

"Nyie Wanyamwezi mlibeba pembe za ndovu kwa miguu mpaka pwani. Leo wimbo mmoja unakushinda kuubeba kutoka sokoni mpaka hapa?"

"Tungefika mapema, ila nyie Wagogo mlitudai hongo ya maji njia nzima."

Ndivyo walivyo watani. Babu zetu walipita kwao na mizigo, wakagombana, wakacheka, na ruhusa ya kutukanana bila kununiana ikabaki kwetu wajukuu. Lakini kila wiki shavu lake lilikuwa limeingia ndani zaidi, na mimi sina hata neno.

Basi Jumamosi ile ya kwanza, dukani kwa fundi. Mwalimu akatoa simu apime saa. Fundi, mtu wa mjini wa siku nyingi, mtunzi wa kasida na nyimbo za harusi, akakataa simu. Alisema yeye muda wake ni pasi ya mkaa. Akaijaza makaa, akanyoosha kanzu mbili za watu, akaiweka juu ya bati. Tone la maji likiacha kuchemka juu yake, kalamu chini.

Nilifurahi. Nilijua sasa nimepata kichekesho cha mwaka. Kumbe kichekesho chenyewe nilikuwa mimi. Pasi ilipoa nikiwa na maneno matatu: "Ee baba mpendwa." Mwalimu aliimba wimbo wake wa mapenzi wenye moyo katika kila mstari, na katika mmoja mioyo miwili. Fundi aliimba wa bibi harusi aliyefananishwa na waridi, kama vile Tabora kuna mtu aliyewahi kuona waridi. Nyimbo mbaya kabisa. Lakini zilikuwa nyimbo, na mimi nilisimama nikaimba "Ee baba mpendwa" mara moja, nikakaa.

"Dada, umemaliza?" fundi aliuliza kwa adabu. Adabu ile iliniuma kuliko kicheko.

Nilirudi Jumamosi iliyofuata kwa hasira tu. Na nyingine. Niligundua fundi ni mwizi: akikwama, anaziba matundu ya pasi kwa kitambaa ili makaa yasiishe haraka, akimaliza mapema, anaipepea. Nilimsema mbele ya mwalimu, akaapa kwamba anapepea nzi. Nyimbo zangu zilikuwa zikifika mistari minne, yote ya upendo, nuru, na mchungaji mwema. Mwalimu alinisikiliza mara ya tano, akauma kifuniko cha kalamu yake.

"Mama, samahani. Huyu mzee unayemwimba ni mpole sana?"

"Mpole? Yule? Ana roho ya kinu cha kukobolea."

"Sasa huyu wa kwenye wimbo ni nani?"

Nilimwona hana adabu. Lakini fundi alikuwa ameshaweka makaa mapya, na mwalimu akatangaza mada ya siku: mtu anayekukera. Nikaandika kwa hasira, hasa hasira ya kuambiwa ukweli na mtoto wa juzi. Sikufuta kitu. Nilipoinua kichwa, tone la maji bado lilikuwa linaruka juu ya pasi.

*Mbinguni mjihadhari, yuaja mfupi kimo,*
*Malaika wa kuimba, mtapoteza mapigo,*
*Filimbi i mfukoni, na hiyo ndiyo kipimo,*
*Kinywani ukitafuta, neno "vizuri" halimo.*

Ziko beti tano. Wa chai umo, maana alikuwa akiirudisha mara tatu kwa mkewe. Wa askofu umo pia. Fundi alicheka mpaka akajichoma sindano. Mimi niliona aibu. Mtu anakufa, ananiomba wimbo, namwandikia matusi! Nikaukunja uende jikoni ukawashie moto.

"Kwani wewe si mtani wake?" fundi aliuliza. "Mtani akifiwa na mtani wake analia?"

Halii. Kila mtu huku anajua. Msibani mtani ndiye anayechekesha, anayeiga mwendo wa marehemu, anayenyakua kitu chake na kukataa kukirudisha. Nilikuwa nimeijua mila hiyo tangu nikiwa mgongoni kwa mama yangu, na kwa wiki zote hizo nilimtungia Mgogo wangu kama ninamtungia mtakatifu wa kwenye kalenda.

Jumapili nikamwimbia, nikiigiza sauti zote nne kwa zamu, nimesimama kando ya kitanda, mkewe mlangoni na kikombe. Alifumba macho. Ubeti wa chai ulipofika, mkewe aliondoka mbio. Nilimaliza. Mzee hakufumbua macho, nikadhani nimemuua.

"Sauti ya tatu umeipandisha mno," alisema. "Hao wanaume wako wa tena watakufa kabla yangu. Shusha." Kisha akasema, "Huu ndio wangu."

Nilitembea hadi nyumbani kama niliyepewa nishani. Sikiliza ujinga wa mtu mzima!

Niliifundisha kwaya wimbo huo. Nusu walicheka, nusu walimwangalia mwenyekiti wao kuona kama inaruhusiwa kucheka. Mzee alipofariki, wiki tatu baadaye, wazee wa parokia walipanga ratiba ya mazishi, na wimbo wangu haukuwemo. Hauna heshima, walisema. Watu ambao marehemu aliwapulizia filimbi miaka thelathini kwa kuimba kama mbuzi, leo walikuwa walinzi wa heshima yake. Nami, mwenye mdomo mrefu sokoni, nilirudi nyumbani nimenywea.

Asubuhi ya mazishi niliingia chumbani kwake na watani wengine. Filimbi ilikuwa inaning'inia kwenye msumari juu ya kitanda. Nikainyakua, nikatangaza kwamba hairudi. Mkewe, ambaye siku tatu nzima alikaa macho makavu, alinitazama akasema, "Kaa nayo."

Makaburini ratiba ilikwenda ilivyoandikwa. Padri alimaliza, udongo ukaanza kuingia, kwaya ikaanza wimbo wa kitabuni, na besi wakachelewa. Niliwasikia. Kila mtu aliyewahi kufundishwa na yule mtu aliwasikia. Fundi alikuwa amesimama nyuma na kofia yake, karibu na mwalimu, wananitazama kama wanavyonitazama pasi ikibakiza vuguvugu.

Nikatoa filimbi, nikapuliza.

Kwaya nzima ikanyamaza na kunyoosha mgongo. Wale wa sauti ya kwanza hata walirekebisha kola. Mwenyekiti wa kwaya alifungua mdomo, lakini nilikuwa nimeshaanza, "Mbinguni mjihadhari," na ubeti wa kwanza niliuimba peke yangu nikimchukia kila mtu pale. Kwenye ubeti wa pili wakaingia. Kwenye ule wa chai mkewe alicheka kwa sauti, kisha kicheko kikageuka, akalia, wanawake wakamshika.

Mimi sikulia. Mtani halii. Nilipuliza tena mwishoni mwa ubeti wa tatu, kwa sababu wale wa tena walikuwa wamepanda juu, nikawarudisha mwanzo, makoleo yakasimama yakitungoja. Safari hii waliuimba wote, beti tano, bila kosa hata moja. Nilisubiri. Nilisimama na filimbi mkononi nikisubiri aniambie tumekosea wapi.