Norbert Pawlak wa Jukwaa la Kushoto

Wiki ile ya mwisho ya Julai, Norbert Pawlak aliamka na hasira kila siku, akalala nazo, na mchana akaenda nazo kazini. Alikuwa na miaka sitini na nane na magoti mabovu. Kofia yake ya bluu ya wahudumu wa uwanja hakuivua hata kanisani mpaka padri amtazame. Kazi yake ilikuwa kuwaonyesha watu viti katika jukwaa la kushoto la uwanja wa Wahunzi, timu yetu ya besiboli hapa Buffalo, pamoja na kuwatoa walevi na kuwaamua watoto wanaogombania mpira. Aliifanya misimu ishirini na miwili. Kabla ya hapo aliendesha basi la shule, na kabla ya basi alikuwa kwenye kiwanda cha chuma, mpaka kiwanda kilipofungwa na wenyewe wakamwachisha kazi kwa barua ya mistari minne. Barua ile aliweza kuisoma kwa kichwa, na alikuwa akiisoma hata mahali ambapo hakuna aliyemuuliza.

Hasira za Julai zilikuwa kwa sababu ya Teo Bencosme. Teo ndiye aliyekuwa akilinda uwanja wa nje upande wa kushoto, mita kumi tu mbele ya kiti cha Norbert. Alitujia kutoka Jamhuri ya Dominika akiwa kijana mwembamba asiyejua neno la kwetu, na kwa misimu saba aligonga mipira ikavuka ukuta, ikavuka barabara, ikavunja vioo vya watu ambao walivitundika vipande vyake sebuleni kwa fahari. Sasa mkataba wake ulikuwa unaisha Oktoba. Na wenye timu yetu tunawajua. Mchezaji akikaribia mwisho wa mkataba, kabla ya Julai kwisha wanampeleka kwa timu tajiri na kupewa vijana wasiojulikana, kisha wanatuambia tuwe na subira. Walishatufanyia hivyo mara tatu. Mara ya kwanza tulilia, ya pili tukazomea, ya tatu hatukwenda uwanjani kabisa. Jukwaa la kushoto likafungwa siku za kazi, na wahudumu kumi na wanne wakabaki sita. Norbert alikuwa mmoja wa wale sita. Hakuhitaji kuambiwa kitakachompata yeye na kazi yake Teo akiondoka.

Jambo lililomchoma zaidi ni kwamba binti yake wa pekee, Marcy, alifanya kazi ofisi ya juu ya timu, kwenye chumba cha wale wanaopima wachezaji kwa kompyuta.

Ijumaa alikwenda kula samaki wa kukaanga kwenye baa ya Gerard Kubiak, kama alivyofanya kila Ijumaa tangu mkewe Irene afariki. Gerard alimwekea sahani, akaegemea kaunta.

"Norbert, samaki huyu nakupa bure ukinitajia binti yako kaamua nini."

"Binti yangu haamui."

"Haamui? Kakaa juu kule na kompyuta tatu, halafu haamui? Sasa anafanya nini, anapangusa vumbi?"

Baa nzima ikacheka.

"Anahesabu," Norbert akasema.

"Na yule aliyetufungia kiwanda, si naye alikuwa anahesabu?"

Norbert akaweka uma chini. "Gerard, funga domo hilo. Na bia yako imechacha, nimevumilia tu kwa sababu ya marehemu baba yako."

Alimaliza samaki kwa ukaidi, lakini maneno ya Gerard yalimkaa kooni kama mwiba. Njia nzima ya kurudi nyumbani alizungumza peke yake, akimtukana mwenye timu, kisha mkurugenzi, kisha kompyuta. Marcy hakumtaja.

Jumapili Marcy alikuja kula chakula cha mchana kwenye kibaraza cha nyuma. Alikuwa na miaka thelathini na mitatu, mrefu kama mama yake. Besiboli aliijulia katika jukwaa lile lile la kushoto, akiwa mtoto wa shule aliyejaza matokeo kwa penseli juu ya goti huku baba yake akionyesha watu viti. Norbert alikuwa amechoma soseji za Kipolishi na kuchemsha mahindi. Hakumngoja hata akae.

"Mnamuuza?"

"Baba, hata salamu?"

"Salamu utazipata ukinijibu."

Marcy akavuta kiti. "Hatujaamua. Tunakaa kesho asubuhi. Teo ana miaka thelathini. Akibaki itabidi tumpe mkataba wa miaka saba, na mwili ukimkatalia njiani, timu imefungwa miguu mpaka mwisho. Tukimwacha amalize msimu aende zake, tunabaki mikono mitupu. Sasa wale wa pwani ya magharibi wanatoa vijana watatu."

"Vijana watatu. Mara ya mwisho mlipewa wanne. Wako wapi? Mmoja anauza magari yaliyotumika kule Tonawanda, nimemwona kwenye tangazo, kavaa kofia ya mchunga ng'ombe."

Marcy alijitahidi asicheke, akashindwa. "Yule kweli tulikosea."

"Mlikosea. Sisi tukikosea tunafukuzwa, ninyi mkikosea mnasema mlikosea. Na hamna hata ujasiri wa kumwambia mtu usoni. Mnajificha nyuma ya vioo vile, mtu anasikia habari zake kwenye televisheni. Barua ya kiwandani angalau iliandikwa jina langu."

"Najua iliandikwa jina lako, baba."

"Basi unajua."

Marcy akajipakulia soseji. Kisha akasema taratibu, "Mimi nataka abaki."

Norbert akamtazama kama mtu aliyesukuma mlango kwa bega akakuta uko wazi.

"Tuko watano," Marcy akaendelea. "Wawili wanataka aondoke, wawili wanataka abaki. Neno la mwisho ni langu, na nataka kusema abaki. Namba zake za kugonga ni safi. Nisilolijua ni mwili wake. Madaktari wanasema mzima, lakini madaktari wanasema anachowaambia yeye. Wewe umekaa nyuma ya mgongo wake miaka saba. Nipe kitu cha kwenda nacho, baba. Chochote."

Tangu azaliwe hakuna mtu wa ofisi yoyote aliyemwomba Norbert Pawlak maoni. Hasira zikampungua ghafla, akajisikia mkubwa. Akaanza kusema. Alieleza jinsi Teo anavyofika uwanjani kabla ya wote, jinsi anavyosalimia wahudumu kwa majina, jinsi anavyosoma mpira kabla haujaondoka kwenye gongo. Kisha akafika kwenye lile alilolipenda kuliko yote.

"Unajua desturi yao. Kila zamu kabla haijaanza wanarushiana mpira wapashe mikono moto, wakimaliza wanautupa kwa watazamaji. Zamani Teo alikuwa anaupeleka juu kabisa, safu ya thelathini, kwa majivuno tu, na vijana wenye miraba minne ndio waliokuwa wanaudaka. Siku hizi kabadilika. Anakuja mwenyewe mpaka ukutani, anautupa hivi, polepole, kwa chini." Norbert akachukua hindi, akalirusha kwa mkono wa chini mpaka kwenye sahani ya binti yake. "Mikononi mwa mtoto wa mbele. Siku nyingine ananipa mimi niupandishe kwa watoto wa nyuma. Huo ni moyo, Marcy. Waambie huo hawatauona kwenye kompyuta."

Marcy hakuligusa lile hindi.

"Tangu lini?"

"Juni. Baada ya siku ile alipojigonga ukutani akikimbilia mpira."

"Kila mechi? Hajaurusha kwa juu hata mara moja?"

"Si nimekwambia ni kwa ajili ya wato—" Norbert akakatiza. Palepale, uma ukiwa hewani, aliona mambo mengine ambayo macho yake yalikuwa yameyaona tangu Juni. Wapinzani walikuwa wakikimbia bila woga mpira ukiwa upande wa kushoto. Teo akiudaka, alikuwa anampa mwenzake aliyemkimbilia karibu, naye mwenzake ndiye aliyeurusha mbali, kwa sababu bega la Teo halikuwa zima. Je, yeye Norbert alikuwa anajua muda wote? Swali hilo alijiuliza sana baadaye, na kila mara alijijibu tofauti.

"Haya ni ya mezani," akasema. "Hayatoki hapa."

"Kesho nitaulizwa, Marcy, kuna lolote unalojua kuhusu mwili wake? Nitasema nini?"

"Sema hujui."

"Lakini najua."

"Umejua kwenye sahani yangu, kwenye nyumba ya mama yako. Hiyo si kazi, huo ni wizi."

"Baba, ukinipa la kumsifu nilipeleke, na la kumharibia nilifiche? Na timu nzima ifungwe miaka saba?"

"Ndiyo. Ndivyo watu wanavyofanya kwa mtu wao."

Marcy aliosha sahani yake, kama alivyolelewa, akaikausha, akaondoka. Norbert alimwaga soseji zote kwenye pipa la taka, na mahindi yakafuata. Alikuwa na hasira na binti yake, na chini ya hasira hizo kulikuwa na hasira nyingine ambayo hakutaka hata kuitazama.

Jumanne kulikuwa na mechi ya mchana, jua kali, jukwaa la kushoto limejaa kwa sababu kila mtu alijua huenda ndiyo mara ya mwisho. Teo aliingia uwanjani, akampungia Norbert mkono kama kawaida. Zamu ya kwanza alikuja ukutani, akampa mpira, naye Norbert akaupandisha ngazi mpaka safu ya ishirini na sita, magoti yakimlia. Hakuthubutu kumtazama machoni.

Zamu ya tano ilipokwisha, Teo alirudi kwenye benchi na hakutoka tena. Kijana mwingine akaja kulinda mahali pake. Kwa mbali tuliona kocha amemshika shingo, anamnong'oneza sikioni, kisha wachezaji wakaanza kumkumbatia mmoja mmoja. Mechi inaendelea, hakuna tangazo lolote, lakini kwetu mchezaji akikumbatiwa katikati ya mechi hata mtoto wa chekechea anajua ameuzwa. Watu wakasimama. Hawakuangalia tena mchezo, waligeukia vioo vya ofisi ya juu na kuzomea mpaka koo zikakauka.

"Ni yule mwanamke wa kompyuta," jamaa mmoja wa safu ya tisa akapiga kelele. "Hana hata haya. Sijui nani kamzaa."

Siku nyingine Norbert angemtoa nje kwa ukosi wa shati. Siku hiyo alisema tu, "Kaa chini, bwana, unawaziba wenzako," akashuka kwenye lango dogo la kona, linaloelekea maegesho ya wachezaji.

Teo alipita pale zamu ya saba, amevaa nguo za kawaida, mkoba begani kushoto. Alimwona, akasimama.

"Mzee Norbert. Ndiyo hivyo, naondoka."

"Nimeona."

"Na huko hawataki nidake. Wanataka nigonge tu. Nikae kwenye benchi kama bibi harusi, nisubiri kuitwa." Akatabasamu, tabasamu likafa. "Wamejua bega langu. Mzee, daktari nilimdanganya. Mke wangu sikumwambia, maana mama yake haweki siri. Nilitaka nifike Oktoba tu, nipate mkataba hapa, nifanyiwe upasuaji, nirudi. Mwanangu kazaliwa hapa. Nani kawaambia hawa watu?"

Jibu lilikuwa tayari mdomoni. Angeweza kusema ni kompyuta, siku hizi zinaona kila kitu, na Teo angeamini, na jukwaa zima lingeapa kwamba ni kweli. Norbert alijiona amesimama nyuma ya kioo.

"Ni mimi," akasema. "Nilimwambia binti yangu. Nilidhani nakusifu."

"Unanisifu nini?"

"Ule mpira. Unavyowapa watoto kwa upole."

Uwanja ulikuwa bado unazomea juu yao. Teo alipozungumza hakupandisha sauti, na Norbert aliona afadhali angepigwa.

"Siku ya kwanza nilipokupa mpira uupandishe ngazi, na magoti yako hayo, uliupokea bila kuuliza. Kesho yake tena. Mwezi mzima, mzee. Nikamshukuru Mungu, nikasema katika uwanja wote huu kuna mtu mmoja ameniona na ananifichia."

Akasukuma lango kwa nyonga, mkono wa kulia ameukunja tumboni, akaenda kwenye gari. Norbert alibaki pale ameshika komeo, na hasira zote za wiki ile hazikuwa na mtu mwingine wa kumwendea isipokuwa yeye.