Gari la Nyumbani

Pale mahali pa gari palikuwa na paka. Amejilaza katikati ya doa la oili, tumbo juu, kama pake. Nami nimesimama mbele yake na mwanangu begani, mtoto wa miaka minne, kifua kinapiga filimbi, mbavu zinaingia ndani kila akivuta pumzi. Dawa yake ya kupuliza nishampulizia, haikufua dafu. Nimetoka naye mbio kichochoroni kwetu, maana Mji wa Kale gari haliji mpaka mlangoni, hadi kwenye kiwanja tunapoegesha. Gari hakuna.

Nikampigia simu shemeji yangu, mdogo wake mume wangu. Nililisikia gari kabla ya kumsikia yeye. Lile gari lina sauti ya mtu mzima anayesafisha koo kwa hasira.

"Naam, shemeji."

"Uko wapi?"

"Hapa tu, ufuoni Mama Ngina. Nimewatoa wenzangu, tunakula mihogo."

"Mtoto kifua kimembana. Lete gari."

"Lo! Maskini. Naja sasa hivi. Wacha tu wamalize madafu, wasije wakanimwagia kwenye viti."

Hapo ndipo. Nimevumilia mengi kuhusu hilo gari, lakini madafu yalinishinda. Nilikata simu, nikasimamisha tuktuk, nikamwambia dereva twende hospitali na asinisemeshe. Akanisemesha. "Mama, si wewe mwenye lile gari jeusi la kelele? Leo limelala?" Nikamwambia limekwenda kunywa madafu. Alidhani natania, akacheka hadi kwenye mzunguko wa barabara, na tuktuk yenyewe inapanda kale kamlima kwa kukohoa kuliko mwanangu.

Gari lenye kasi kuliko yote mtaani kwetu ni langu, na mtoto wangu alifika hospitali kwa magurudumu matatu.

Mimi sikulitaka. Mume wangu anafanya kazi Uarabuni, anakuja likizo mara moja kwa mwaka, na likizo ile alikuja na nia ya kununua gari kwa sababu ya kifua cha huyu mtoto. Mimi nilitaka kigari kidogo, cha kawaida, kinachokunywa mafuta kwa adabu. Tukaenda yadi ya magari yaliyotoka Japani. Nikamwona anapita vile vigari vidogo bila hata kugeuza shingo, akaenda kusimama mbele ya kitu kirefu, cheusi, kimeinama mbele kama fahali.

"Hili nini?" nikauliza.

"Stesheni wagoni," akasema. "Gari la familia."

Muuzaji alikuwa mjanja. Alipoona mimi ndiye wa kubembelezwa, hakufungua boneti, alifungua buti. "Mama, tazama. Kigari cha mtoto kinaingia, mitungi ya maji inaingia, na sinia za biriani zikiwa na karamu. Viti vya nyuma mahali pa kufungia kiti cha mtoto papo." Yote kweli. Asichosema ni kwamba chini ya boneti kuna injini ya mashindano yenye turbo, na kwamba springi zake ni ngumu hata ukipita kwenye tuta meno yanagongana. Mume wangu alipoliwasha, mtoto alilia, na yeye mwenyewe alikuwa na uso ambao sikuuona tangu siku ya harusi yetu. Nikaridhia. Mtu anakaa jangwani mwaka mzima, utamnyima nini?

Kisha nikalizoea. Zaidi ya kulizoea. Nina leseni tangu nilipomaliza sekondari, na mara ya kwanza kifua kilipombana mtoto na gari lipo, nililikanyaga kidogo tu, likaruka. Malori ya bandarini yalibaki nyuma yangu kama yameegeshwa. Nilifika hospitali mtoto bado ananiambia ana kiu. Siku hiyo nililipiga boneti kofi la mapenzi, nikalisamehe mafuta yote linayokunywa.

Lakini hiyo ilikuwa mara moja. Baadaye kila nikilitaka, limetoka.

Na limetoka kwa sababu ya neno moja. Siku mume wangu anaondoka, tulikaa ukumbini kwa mavyaa yangu, yaani mamake, sisi tunaishi ghorofa ya juu yake. Mume wangu akatoa funguo, akazitia mezani mbele ya wote, akasema, "Gari hili nimenunua la nyumbani."

Huku kwetu mwanamume mwenye haya zake hasemi "mke wangu" mbele za watu, sembuse mbele ya mamake. Husema "nyumbani." Rafiki zake wakimuuliza, "Nyumbani hawajambo?" wananiulizia mimi. Akisema, "Nyumbani hawataki," ni mimi niliyekataa. Kwa hiyo aliposema gari ni la nyumbani, nilisikia: gari ni la mke wangu. Nikaona haya hata, nikatazama chini.

Mavyaa yangu naye akasikia nyumba. Nyumba yake, na wote waliozaliwa humo, na waliooa humo, na watakaooa. Akachukua ule ufunguo wa pili, akautundika msumarini nyuma ya mlango wa jikoni, karibu na upawa.

Tangu hapo gari likapeleka bibi harusi, likapeleka vyombo vya matanga, likapeleka mizigo ya leso kutoka Biashara Street kwa binamu ambaye hata mimi simjui vizuri. Nilikuta mchele wa biriani kwenye mkanda wa kiti cha mtoto. Nikikuta mafuta yamekauka, naambiwa, "Mwanangu, hii gari yenu yala sana." Yenu, ikiwa ni kutia mafuta. Na shemeji, kijana wa miaka ishirini na kitu asiye na kazi ila kuosha gari nisilomtuma kuosha, kila jioni Mama Ngina, anasimama mahali penye watu wengi, anakanyaga moto gari likiwa pale pale. Haliendi popote. Analinguruma tu.

Nilimpigia mume wangu simu zaidi ya mara moja. "Mwambie mamako gari ni la nani."

"Si nilisema? Nilisema la nyumbani."

"Sema la mke wangu."

"Mbona wataka kunitia aibuni?"

Basi. Turudi hospitali. Walimtia mtoto ile barakoa ya mvuke, akatulia, rangi ikarudi midomoni. Muuguzi akaniambia, bila ubaya, nikimleta nimlete mapema kuliko vile. Nikasema ndiyo. Shemeji alikuja tumeshamaliza, anazungusha ufunguo kidoleni, kamletea mtoto dafu. Wallahi, dafu.

Nilipofika nyumbani mavyaa alikuwa ananingoja mlangoni, akambusu mtoto, akalia kidogo, na machozi yake ni ya kweli, simsingizii. Kisha nikasema ule ufunguo wa msumarini nautaka.

"Wautaka wa nini? Ufunguo wa nyumba wakaa nyumbani."

"Mama, gari nilipewa mimi."

"Ulipewa na nani, mwanangu? Mbele ya nani? Mimi nilikuwapo. Alisema la nyumbani. Wewe ni nyumba peke yako?"

"Ndiyo," nikasema. "Akisema nyumbani, ni mimi."

Akacheka. Si kwa dharau. Alicheka kama umemwambia jua ni lako. "Haya, nyumba. Panda juu umlaze mtoto. Mdogo wa mumeo kesho ana safari ya Malindi, akirudi mtazungumza."

Nilimlaza mtoto. Nikasikiliza kifua chake kwa sikio langu, nikasikia filimbi ndogo bado imo, mbali. Kesho Malindi. Nikavaa buibui langu tena, nikamwachia jirani mtoto, nikaenda kituo cha polisi kwa miguu.

Askari wa kaunta alinisikiliza kalamu mkononi, hajaandika neno.

"Aliyechukua ni shemeji yako?"

"Ndiyo."

"Na anaishi kwenu?"

"Chini yetu."

"Mama, haya si ni mambo ya nyumbani?"

Nusura nicheke. "Hilo neno usiniandikie," nikamwambia. "Gari limesajiliwa jina langu. Mume wangu alilisajili hivyo mwenyewe, kwa karatasi haoni haya. Andika."

"Unajua nikiandika shemeji yako ataitwa hapa? Na mamake atajua?"

"Najua."

"Na mume wako?"

"Yeye nitamwambia nyumbani wameshtaki."

Aliandika, akanisomea. Alikuwa ameweka "gari la nyumbani kwao." Nikamfutisha. Akanitazama, akafuta, akaandika tena, taratibu, nami nikimtamkia neno kwa neno, kisha nikatia sahihi:

"Mimi ni mwenye gari. Gari ni langu. Leo alasiri lilichukuliwa bila ruhusa yangu na shemeji yangu, mtoto wangu akakosa la kumpeleka hospitali. Nilimwomba alilete, hakulileta mpaka mtoto ameshatibiwa. Naomba aamriwe arudishe ule ufunguo wa pili mkononi mwangu kabla ya kesho asubuhi, na asiliguse tena isipokuwa mimi, kwa kinywa changu, nimemruhusu."