Mama Alipozeeka Kabla ya Cucu

Mama alianza kuzeeka akiwa hajafika miaka arobaini. Nasema kuzeeka kwa sababu ndilo neno tulilotumia nyumbani, hatukuwa na lingine. Cucu, yaani bibi yetu, mama yake baba, ndiye aliyekuwa mzee kweli. Meno yake yalikuwa yamebaki upande mmoja tu, lakini bado alibeba mzigo wa kuni kwa mkanda wa kichwani kutoka ng'ambo ya mto Ruiru na kuutua mlangoni bila kutweta. Mama angeweza kuwa binti yake wa mwisho. Lakini mama ndiye aliyekuwa akimtazama cucu kutoka kwenye kigoda, amejifunika blanketi, na jua la Februari linawaka nje.

Tuliishi katika laini, safu za vibanda vya wafanyakazi wa shamba moja la kahawa nje ya Ruiru. Baba alifanya kazi Thika, katika kiwanda cha mananasi, akija Jumamosi alasiri na kuondoka Jumapili. Ilikuwa miaka ya Hali ya Hatari. Kijiji cha cucu kilikuwa kimehamishwa kwa nguvu na serikali ya wakoloni, naye akaja kukaa nasi. Mimi nilikuwa kifungua mimba, msichana wa miaka kumi na sita hivi, shule nimemaliza. Kwa kuwa nilipewa jina la cucu, baba aliniita "maitu", yaani mama yangu, na cucu mwenyewe aliniita wajina.

Ugonjwa wa mama haukuja kwa kishindo. Kwanza ilikuwa baridi. Alivaa sweta akichuma kahawa, wenzake wakifuta jasho. Kisha sauti yake ikawa nzito na ya kukwaruza, na kanisani, alikokuwa akianzisha nyimbo, akawa anaketi nyuma, amefunga mdomo. Uso ulimvimba ukawa wa mviringo. Nyusi zilipukutika, zikabaki nusu ya ndani. Ngozi ya mikono ilikauka kama ya kisigino. Nilipomwuliza swali, nilingoja jibu kwa muda mrefu hata nikadhani hakusikia.

Shambani, wanawake walimaliza mistari yao na kumwacha katikati ya wake. Nyapara alimhamishia kwenye meza za kuanika kahawa, akiona huko kuna kazi ya kukaa. Huko nako akawa analala ameshika buni mkononi. Mwishowe aliambiwa apumzike nyumbani, na kila mtu alijua maana yake.

Tena siku zake za mwezi zilikuwa zimeacha kuja. Wanawake waliokuwa wakifua mtoni waliyajua hayo kabla yangu.

"Ameingia uzee wa kike," mmoja aliniambia, kama anayenifariji. "Wengine huuingia mapema. Mwache tu."

"Lakini mbona ananenepa, naye chakula chake ni kama chetu?" nikauliza.

"Ndio uzee wenyewe huo."

Cucu hakukubali. Kwake kosa lote lilikuwa la chakula. Alikuwa hajawahi kuipenda posho, ule unga mweupe tuliopewa shambani, na mkate wa dukani aliuita sifongo. Aliotesha terere, mchicha wa kienyeji, nyuma ya nyumba, akatafuta nduma, yaani magimbi, kwenye ardhi chepechepe, akawa anasaga wimbi na kuuchachusha kwa uji. Njahi, yale maharagwe meusi, zilichemka karibu kila siku. Kusema kweli, chakula chake kilitusaidia. Vidonda vilivyokuwa pembeni mwa midomo ya wadogo zangu vilipona, na mimi mwenyewe niliacha kusikia kizunguzungu nikiinuka. Mama alikula vilevile kama sisi, lakini kwake hakukubadilika kitu. Hilo lilimuudhi cucu kama matusi.

"Unatafuna kweli?" alimwuliza siku moja.

"Natafuna, mama."

"Basi kinakwenda wapi?"

Baba alikuwa na maelezo yake. Jumamosi moja aliingia akamkuta mama amelala, sufuria hazijaoshwa. Alivua kofia, akasimama pale.

"Mimi nasimama kwenye mashine wiki nzima," alisema. "Wewe umechoshwa na nini?"

Mama alifungua macho. Maneno yake yalikuja moja moja.

"Mnayosema nayasikia yote. Ni huu mwili ndio hausikii."

Baba alitoka nje. Nilimwona akienda kuongea na wanaume wa laini, na sikujua alichowaambia.

Kilichombadilisha baba ni safari. Ndugu yake mama alifariki Thika, ikabidi twende mazishi, na njiani tukasimamishwa ili pasi zetu za kusafiria zikaguliwe. Askari alitazama picha ya mama kwenye pasi, kisha akamtazama mama.

"Hii ni ya binti yako, cucu. Yako iko wapi?"

"Ni yake," baba alisema.

"Mzee, usinifanyie mchezo. Huyu wa picha ni msichana."

"Nakwambia ni mke wangu. Picha ilipigwa mwaka juzi."

Askari aliita mwenzake, wakatazama pamoja, wakamwambia mama ageuze uso huku na huku. Mama aligeuza polepole, bila hasira, na kule kutokuwa na hasira ndiko kulikonichoma. Walituachilia. Njia yote iliyobaki baba alikuwa akimtazama mama kwa pembe ya jicho. Nadhani alikuwa akiiona ile picha. Baada ya matanga hakutupandisha basi la kurudi Ruiru. Alituambia tungoje hadi asubuhi, akaomba ruhusa kazini, akatupeleka kwa daktari.

Alikuwa daktari wa kike, Mhindi, mwenye zahanati nyuma ya safu ya maduka ya Thika. Kiswahili chake kilikuwa cha dukani, lakini alikisema taratibu na hakukwepa neno. Alimshika mama mikono, akamvuta ngozi ya shavu, akapapasa shingo. Kisha akamwambia apige magoti juu ya kiti, nyayo zikining'inia, akagonga mshipa wa kisigino kwa nyundo ndogo ya mpira. Wayo uliruka, halafu ukarudi chini polepole, kama mlango mzito. Aliniita nami nipige magoti. Wangu uliruka na kurudi mara moja.

"Umeona?" alimwuliza baba. "Mama si mzee. Hapa shingoni iko tezi, umbo lake kama kipepeo. Inatoa homoni. Homoni inaingia damu, inaambia mwili wote: amka, fanya kazi. Ya mama imelala."

"Ni kwa sababu ya chakula?" baba aliuliza.

"Chakula kinaweza kusumbua tezi hii, chumvi pia. Lakini nafikiri ya mama imeharibika yenyewe. Atakula vidonge kila asubuhi, maisha yote."

Alieleza kwamba vidonge hivyo vilitokana na tezi ya mnyama, iliyokaushwa na kusagwa. Baba alishika chupa ile mpaka kituo cha basi bila kuitia mfukoni.

Wiki chache zilipita. Kwanza mama alivua blanketi. Kisha akaanza kubishana, na hapo ndipo nilipojua kwamba anarudi. Alimwambia cucu njahi zina chumvi nyingi. Uvimbe wa uso ulishuka, na mifupa ya mashavu niliyokuwa nimeisahau ikaonekana. Siku moja nikimenya viazi nilimsikia nyuma ya nyumba akiimba, sauti bado ina mikwaruzo, nikaacha kisu nisikilize.

Cucu alinikalisha akataka nimweleze tena habari ya vidonge.

"Tezi ya shingo ya mnyama," alisema baada yangu. "Ya kuliwa?"

"Imesagwa, cucu."

"Hata wimbi husagwa. Wajina, hicho ni chakula!"

Sikuona la kumpinga. Tangu siku hiyo akawa anakwenda kwa mwenye bucha sokoni Ruiru kuomba shingo na makoromeo ya mbuzi, vitu vilivyotupiwa mbwa. Alivichemsha vikawa supu nzito, akamnywesha mama kwa bakuli, na kumkatia vinyama laini vya karibu na koo kwa mkono wake mwenyewe.

Mwanzoni tulifurahi. Mama alikonda, akawa mwepesi, akafagia ua uliokwisha kufagiwa. Baba alikuja akacheka kumwona. "Amekuwa msichana," cucu alisema, na hakuficha majivuno. Lakini mikono ya mama ilianza kutetemeka hata chai ikamwagika kwenye sahani. Alitoka jasho amekaa kivulini. Macho yalimtoka. Alikiweka kiganja changu kifuani pake, nikausikia moyo ukienda mbio kama wa mtu anayekimbizwa. Asubuhi moja akaanguka kwenye foleni ya maji.

Safari hii cucu alitaka kwenda mwenyewe Thika. Daktari alimpima mama akakunja uso.

"Unakula vidonge vingapi?"

"Kimoja, kama ulivyosema."

"Na chakula gani?"

Cucu aliponisikia nikitafsiri kwa lugha yetu, alijinyoosha kitini akataja kila kitu: uji wa wimbi, nduma, terere, njahi, na supu ya shingo za mbuzi. Nilitafsiri. Daktari alishusha kalamu.

"Shingo pamoja na koo?"

"Situpi kitu," cucu alisema. "Dawa si iko hapo?"

Niliogopa daktari angemcheka au kumfokea. Alivuta kiti akakaa mbele yake, magoti yao yakikaribiana.

"Mama mzee, umefikiri vizuri. Tezi iko hapo kweli. Lakini kidonge kimepimwa, mbuzi hajapimwa. Leo unampa kidogo, kesho nyingi sana. Mwili unaambiwa kimbia, kimbia, na moyo unachoka."

Cucu alitafakari, kisha akaniambia nimwulize: "Yaani mtu anaweza kufa kwa kuwa kijana kupita kiasi?"

Daktari alisikiliza tafsiri yangu hadi mwisho.

"Anaweza," alisema. "Vile vyakula vingine mpe vyote. Ni vizuri, wewe mwenyewe ndiwe ushahidi. Shingo acha."

Cucu aliziacha. Kwa siku kadhaa alipika na kumwachia mama apakue mwenyewe, hata mama akamfuata jikoni. Nilikuwa mlangoni nikichambua mboga.

"Mama, wengine wote walikuwa wameniacha nizeeke," alimwambia. "Wewe peke yako ulikataa."

"Nilitaka kukuua."

"Ulitaka niamke."

Moyo wa mama ulitulia baada ya muda. Alirudi kuchuma kahawa, na nyapara akampa mstari wake bila maneno. Siku zake za mwezi nazo zilirudi, jambo lililowanyamazisha wanawake wa mtoni, na kabla Hali ya Hatari haijaisha alijifungua kitinda mimba wetu, mvulana mwenye kelele nyingi. Baba alimbeba mtoto yule akamwambia mama, mbele yetu sote, kwamba alikuwa amemdhania mvivu.

"Na mimi nilikuwa nikikudhania mwerevu," mama alimjibu.

Cucu aliishi miaka mingine, akafa bado mgongo wake umenyooka. Mama alimeza kidonge kila asubuhi kabla ya uji, na uzee ulipomjia kwa wakati wake haukufanana hata kidogo na ule wa kwanza. Ulimpunguzia nguvu, haukumwondoa yeye mwenyewe. Nimewaza sana juu ya hao wawili. Chakula cha cucu kilijenga miili yetu yote, lakini hakingeweza kuwasha kilichozimika shingoni mwa mama. Na kile kidonge hakingetuponya vidonda vya midomo. Kila jambo la mama tuliliita kwa jina moja, uzee, na jina hilo lilitufanya tuache kuuliza.

Siku zangu za mwezi nami zilipokoma, nikawa natoka jasho ovyo na magoti yananiuma, nilikwenda kumwambia mama kwamba sasa nimezeeka.

"Nani amekupima?" aliniuliza.

"Hakuna."

"Basi hujui. Nenda kwanza kwa daktari, halafu uje uniambie."

Nilikwenda. Nikaambiwa ni mabadiliko ya kawaida ya umri, nijihadhari na sukari na nisiache kutembea. Nilirudi nikamkuta mama kwenye shamba lake dogo la viazi, nikamweleza. Alisikiliza hadi mwisho, akauliza maswali mawili matatu, kisha akanituma nikalete jembe la pili.