Kavira, Taa ya Njano na Mimi

Siku ya kwanza ya kazi nilifika garajini kabla mulango haujafunguliwa. Nilivaa kitenge changu cha kuendea misa, kwa sababu sikuwa na nguo ingine nzuri, na hakuna mutu aliyeniambia kama kazi yenyewe ni ya kugusa mafuta. Ilikuwa kampuni ya malori, kwenye barabara ya kwenda Kibati. Malori yake yalikuwa yanaleta maharagwe na viazi kutoka Rutshuru na Masisi. Mimi walinichukua nifagie. Shefu wa garaji, Muzee Paluku, mutu mufupi wa Butembo mwenye sauti ya kuamsha mutaa muzima, aliniangalia kutoka kichwani mpaka miguuni.

"Jina?"

"Veneranda."

"Unajua kusoma?"

"Namba na majina ya watu, muzee. Niliachia shule mwaka wa tatu."

"Na macho?"

"Macho iko muzuri."

"Basi weka fagio chini. Kuja."

Alinipeleka kwenye lori ya kwanza, akafungua kapo, yaani kile kifuniko cha mbele, akavuta kijiti kirefu cha chuma. Sisi tunakiita joji. Alisema: "Daktari anamwambia mugonjwa atoe ulimi. Lori haina ulimi, iko na hii." Akanionyesha: vuta, panguza na kitambaa, rudisha mpaka chini, vuta tena, ndipo usome. Ukisoma mara ya kwanza unasoma uchafu tu, kwa sababu mafuta yamerukaruka njiani. Kwenye joji kuna alama mbili, ya chini na ya juu. Mafuta ya moteri yanapaswa kulala katikati ya hizo mbili. Yakipungua, vyuma vinasagana. Yakizidi, yanafanya povu, na moteri inaumia vilevile. Vijana wengi hawaamini hiyo ya pili. Wanamimina tu, wanafikiri wanaipenda gari.

Tena kuna mambo ya ardhi. Ninyi mulio Goma munajua, hapa kwetu ni mawe ya volkano kila upande, pahali pamenyooka ni pa kutafuta. Gari ikisimama imeinama, mafuta yanakimbilia upande mumoja na joji inakudanganya. Muzee Paluku alikuwa amepondesha mawe, akatengeneza kipande kimoja kimelala sawasawa kama meza. Malori yote yalilala pale. Asubuhi moteri zingali baridi, mafuta yote yameshuka chini, mimi nilipita na kitambaa changu, lori kwa lori, nikiita jina la dereva na hali ya mafuta yake.

"Bahati, imejaa! Kambale, iko nusu! Sebagenzi, ongeza! Muhindo, wewe unaendesha lori ama sufuria? Ongeza mara mbili!"

Walikuwa wanacheka, lakini hakuna dereva aliyegusa ufunguo kabla sijaita jina lake. Wanaume wenye ndevu, walioshuka milima ya Masisi usiku wa mvua, walisimama na vikombe vyao vya chai wakingoja sauti yangu. Nawaambia ukweli, sikuwahi kupewa kitu kingine kitamu namna ile. Nilikuwa natengeneza koo tangu nyumbani.

Halafu Kavira akakuja.

Alikuwa musichana wa Butembo, ametoka shule ya ufundi, na Muzee Paluku alimukaribisha kwa Kinande, lugha ya kwao, hata sisi wengine tukajiona wageni. Alivaa ovaroli ya buluu yenye mifuko minne. Mimi nilikuwa nafunga kitenge cha zamani juu ya nguo. Jioni mikono yangu ilikuwa nyeusi mpaka kwenye kiwiko. Yake, sijui alikuwa anaifanyaje, ilibaki safi kama ya mutu anayeuza mikate. Alijua Kifaransa. Alicheka polepole, na madereva wakaanza kuchelewa kwenye chai juu ya kusikiliza kicheko hicho. Muhindo, yule niliyekuwa namutania na sufuria yake, siku moja aliniuliza mimi mwenyewe: "Mama Veneranda, Kavira amefika?" Niliita lori yake mwisho kabisa siku ile.

Mwaka uleule Bwana Direkta alinunua gari ya mupya. Nasema mupya kabisa, si zile zinazokuja zimechoka kutoka kwa watu wengine. Viti vilikuwa bado na plastiki. Na ndani, mbele ya dereva, palikuwa na taa ndogo ambazo hatukuwa nazo kwenye malori. Kavira ndiye alitueleza. Taa ya njano ikiwaka, gari inasema mafuta ya moteri yamepungua, iko na kiu. Ile nyekundu, yenye picha ya kikopo kinachodondosha tone, ni jambo lingine: mafuta hayasukumwi tena kufika kwenye vyuma. Hiyo haisemi kiu. Inasema kufa. Unasimama palepale, unazima moteri, hata kama uko unaenda kuoa.

Madereva walishangaa. Bahati akasema: "Kumbe gari inajisema yenyewe! Mama Veneranda, sasa utapumuzika."

Wengine wakacheka. Mimi niliangalia ile kioo yenye taa na nikaichukia kama mutu anavyochukia muke wa pili. Kwanza Kavira, sasa taa. Wote wawili wasafi, wote wawili hawapigi kelele.

Muzee Paluku alikuwa karibu kustaafu. Kila mutu alijua kama Direkta anatafuta mutu wa kusimamia mafuta ya gari zote, malori na gari ndogo, ili neno lake lipite kwenye kila moteri kabla haijatoka. Niliitaka nafasi hiyo. Niliitaka mpaka nilikuwa naiota, naona nimesimama na funguo za stoo kiunoni. Na nilijua kama kuna mutu mumoja tu anayeweza kunikatia njia.

Basi siku moja Direkta akarudi kutoka Kibati amekunja uso. Taa ya njano ilikuwa imewaka njiani. Gari haijamaliza hata miezi mitatu! Ikaletwa kwenye kipande chetu kilichonyooka, tukaiacha ipoe, garaji yote ikasimama kuizunguka. Muzee Paluku aliniambia: "Veneranda, vuta." Nikavuta, nikapanguza, nikarudisha, nikavuta tena. Mafuta yalikuwa chini ya alama ya chini. Nikapiga magoti, nikatafuta tone kwenye mawe. Hakuna. Nikaomba wawashe moteri, nikaangalia moshi. Haukuwa wa buluu, ule wa mafuta mengi yanayoungua.

Direkta akauliza: "Sasa, mama? Mafuta yangu yanaenda wapi?"

Nikajibu yale malori yalinifundisha. "Direkta, moteri inayokunywa ni ile imezeeka. Hii ni ya mupya. Kama inakunywa na iko mupya, basi ilizaliwa na ugonjwa. Ifunguliwe."

Kufungua moteri ya gari ya Direkta, plastiki ingali kwenye viti! Ndipo Kavira akanyoosha kidole kama mwanafunzi.

"Direkta, na ruhusa ya Mama Veneranda."

Na ruhusa yangu! Hiyo ndiyo iliniuma zaidi. Hakunidharau. Angenidharau ningejua pa kumushika.

"Ndani kuna segma," akasema, "zile pete za chuma zinazozunguka pistoni. Kwa gari ya mupya hazijakaa sawa na ukuta wake. Ni kama kiatu kipya, bado kinabana hapa, kinaachia kule. Mafuta kidogo yanapita, yanaungua. Direkta anapanda mulima na anakimbiza, basi inakunywa zaidi. Mimi naomba tusiifungue. Tutie mafuta yaleyale ya kwake, tusichanganye, na kila juma Mama Veneranda avute joji. Kama inaongeza kunywa, yeye ndiye ana haki, na mimi nitaifungua mwenyewe. Kama inapunguza, tuiache ikomae."

Direkta aliangalia Muzee Paluku. Muzee Paluku aliangalia mawe. "Ni neno la maana," akasema.

Kuanzia siku ile, kila juma nilivuta ile joji midomo yangu ikiomba. Wenzangu walifikiri naiombea gari ya bosi. Mimi nilikuwa naomba ikunywe kama ng'ombe aliyetoka Masisi kwa miguu. Juma la kwanza ilipungua kidogo, nikafurahi. Lililofuata ikapungua kidogo kuliko lile la kwanza. Halafu ikasimama. Nilivuta, nikapanguza, nikavuta tena, nikageuza joji upande wa pili labda macho yamenidanganya. Mafuta yalikuwa palepale tulipoyaacha, yanang'aa.

"Sema, mama," Kavira akaniambia taratibu.

"Haijapungua."

"Sikusikia," Muzee Paluku akasema kutoka mbali.

"Haijapungua!"

Ni mara ya kwanza sauti yangu ilitoka kwenye garaji ile na sikuipenda.

Direkta alituita ofisini. "Mama Kavira atasimamia mafuta ya gari zote. Mama Veneranda ataendelea na malori ya zamani, pale hakuna mutu anamupita." Akafikiri amenipa zawadi. Kavira akapewa chumba chenye dirisha, na kiti chenye mugongo. Direkta alipoozesha binti yake, Kavira aliketi mustari wa pili, amevaa kitenge cha kijani chenye ndege. Mimi nilikuwa nyuma, karibu na spika, na kichwa kiliniuma siku mbili. Namukumbuka kila ndege kwenye kitenge kile.

Malori ya zamani yalikufa moja moja. Yaliyokuja kisha yalikuwa yote na taa. Madereva wa mupya, akina Janvier na Musafiri, walipanda, wakaangalia kama taa imezimika, wakaondoka. Hawakungoja jina. Kavira mwenyewe aliwagombeza: "Taa inakuja nyuma ya mambo! Taa ni ya mutu aliyesahau. Vuta joji." Hata maneno yaliyopaswa kuwa yangu aliyasema yeye, tena vizuri, tena kwa lugha mbili. Nilistaafu nikiwa bado na kitambaa mukononi. Kavira naye alistaafu kisha, akajenga Katoyi. Nyumba yake iko na veranda. Yangu, hapa Majengo, haina.

Ninyi munaoanza kazi hii leo, munaniuliza nini nilichojifunza. Nimejifunza kwamba gari ya mupya inaweza kukunywa na isiwe mugonjwa, lakini uiangalie mwenyewe, pahali pamenyooka, moteri imepoa, na ukitia usivuke alama ya juu. Ikiendelea kukunywa bila kupunguza, ipeleke. Hayo ni ya gari. Kuhusu mioyo, sina cha kuwafundisha. Watu husema uzee unatuliza wivu. Wangu umekaa nami vizuri, unakula na unalala.

Kwa sababu juzi tu, mutoto wangu Innocent alinunua gari yake. Ya mupya, mupya kweli. Jumuiya yote ya kanisa ilikuja kuiona. Mimi niliizunguka polepole nikingoja aniambie: mama, fungua kapo. Hakusema. Zikapita juma chache, na muchana mumoja akaingia uwanjani, hakushuka. Nilikuwa nageuza maharagwe kwenye mbabula, jiko letu la makaa. Nikasikia anapiga simu, ameiweka sauti ya juu.

"Jambo Mama Kavira. Ni Inno."

Nikashika mwiko hivyo, hewani.

"Inno, mutoto wangu! Mama eko muzima?"

"Eko. Mama Kavira, gari imewasha taa."

"Rangi gani?"

"Njano."

"Bon, si ya kufa. Uko wapi?"

"Niko nyumbani, Majengo."

"Na mama yako eko wapi?"

"Eko ku jikoni."

Halafu Kavira akacheka kile kicheko chake cha polepole, sasa kimezeeka, lakini ni kilekile.

"Inno, uko na akili kweli? Uko na Veneranda ndani ya nyumba na unapigia Katoyi? Mimi macho yangu hayaoni tena joji. Zima moteri, shuka, ukamuombe mama yako kwa heshima. Na usinipigie tena juu ya mafuta kama hujamuuliza yeye."

Nilisimama pale. Ningependa kuwaambia kama nilifurahi. Nilifurahi, ndiyo. Lakini miaka yote ile, mimi sikuwahi kusema neno la namna hiyo juu yake kwa mutu yeyote, na yeye alilisema bila hata kujua kama nasikia. Hata kwenye wema amenitangulia.

Inno akakuja jikoni, macho chini. "Mama, tafadhali."

"Peleka gari pale mbele ya jirani, pamenyooka," nikamwambia. "Tuiache ipoe. Na ulete kitambaa, si hicho, kilicho safi."

Tulingoja. Nikavuta, nikapanguza, nikarudisha, nikavuta tena. Chini ya alama ya chini, kidogo tu. Hakuna tone chini. Inno akatoa kikopo cha mafuta ya gari yake, nikatia polepole, nikapima, nikatia tena, nikasimama katikati ya alama.

"Tuite fundi?" Inno akauliza.

"Hapana. Iko mupya, bado inazoea. Utaniletea kila juma."

Akawasha. Taa ya njano ikakaa kidogo, ikazimika. Inno akapiga makofi kama mutoto, akaruka nje, akachukua simu yake na kumupigia Kavira kumushukuru. Walizungumuza muda murefu. Mimi nilisimama karibu na kapo, mikono nyeusi mpaka kwenye kiwiko, nikingoja zamu yangu ya kushukuriwa.