Maharagwe Kati ya Mibuni

Mimi ni mtoto wa pili wa kiume, kwa hiyo nilipewa jina la baba yake mama, kama ilivyo desturi yetu Embu. Ndiyo maana mama aliniita Baba tangu nikiwa mgongoni mwake. Nilipoajiriwa kuwa afisa wa kilimo, nikapangiwa tarafa yetu wenyewe, jina hilo lilianza kunilemea.

Kazi yangu ilikuwa kuwaeleza wakulima sheria ya kahawa, nayo haikuwa ngumu. Shamba ni lako, lakini mibuni iliyomo huruhusiwi kuing'oa bila kibali, wala kupanda chakula katikati yake. Nilieleza na sababu: kahawa inaletea nchi pesa za kigeni, na pesa hizo zinanunua dawa za hospitali na lami ya barabara. Maharagwe yakinyonya mbolea ya mibuni, sote tunapungukiwa. Watu waliitikia kwa vichwa. Wengine walinifungia ndizi za kwenda nazo.

Mwaka mmoja mvua ilikuwa chache. Nilipita nyumbani nikakuta maharagwe yametoa maua kati ya mibuni ya mama, mistari minane iliyonyooka.

"Mama, hii hairuhusiwi."

"Najua, Baba. Ulitutangazia kanisani."

"Sasa kwa nini?"

"Kahawa niliipeleka kiwandani mwaka jana, hadi leo nangoja malipo. Nikiwachemshia ndugu zako buni, watakula?"

Nikamweleza tena, polepole, habari ya manufaa ya wote. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Na hao wote," akauliza, "mimi nimo?"

 Mpaka leo swali hilo linanikera, kwa sababu sheria ile haikutungwa na watu wabaya, na nilikuwa nimeifundisha kwa moyo wangu wote.

Mkaguzi wa wilaya alikuwa aje Alhamisi. Angeyakuta, mama angeshtakiwa. Nikavua koti, nikaanza kung'oa. Mama hakunizuia. Alinifuata nyuma akiokota mashina na maua yake, akawapelekea mbuzi.

"Kuleni," aliwaambia kwa sauti ya kunifikia. "Nyinyi ndio wananchi."

Alhamisi mkaguzi alizunguka shamba, akampa mama mkono. "Huyu mama ni mfano kwa wengine," aliniambia. Mama alimshukuru, akamtilia chai.

Miaka mingi baadaye, nimeshastaafu na kuhamia mtaa wa Dallas, hapa mjini Embu, nilisikia ofisini kwa rafiki kwamba sheria ililegezwa zamani. Hakuna aliyekuja vijijini kutangaza, ingawa wakati wa kukataza tulifika kila kanisa. Nilipanda kwenda kwa mama siku hiyo hiyo.

"Mama, sasa unaweza kung'oa kahawa, upande unachotaka."

Alikuwa ameketi mlangoni, miguu imevimba. Aliitazama mibuni, ambayo bado alikuwa akilipa watu waipogoe.

"Na hao wote wamekubali?"

"Wamekubali."

"Haya, Baba. Jembe liko pale. Kung'oa unajua."

Nilichimba mpaka saa saba. Mizizi ya mbuni mzee huenda chini sana. Nilitoa miwili, na nyuma yake mistari ilishuka hadi mtoni. Mama aliniletea githeri kwenye bakuli, mahindi yaliyochemshwa na maharagwe ya kununua sokoni, akasimama akingoja nimalize kula ili niendelee.