Bodi ya Kinyozi

Watu wakimuuliza Bi Mswaki anafanya kazi gani, hujibu neno moja tu: "Naosha." Wanaodhani ni nguo hucheka sana siku wanapomkuta dukani, karai mbele yake, kioo cha kukuzia kimembana kichwani, akiisugua bodi ya mashine ya gemu, ile sahani ya ndani yenye chipu, kwa mswaki na spiriti kama mtu anayemsugua mtoto nyuma ya masikio.

Alianzia kwenye kuosha vichupa vya maabara ya zahanati. Zahanati ilipofungwa, alikwenda kwa shemeji yake, mume wa mdogo wake, fundi wa mashine za gemu ambaye mtaa mzima unamwita Profesa kwa sababu hajawahi kukubali kwamba kuna jambo asilolijua. Bi Mswaki hakuomba kazi. Aliokota bodi iliyotupwa chini ya meza, mavi ya mende yameigandia kama uji ulioungua, akaiosha, akaikausha kwa mashine ya kukaushia nywele, akamrudishia. Ikawaka.

"Nataka ile meza ya karibu na sinki," akasema, "na soketi yake. Na mafundi wengine wataniletea bodi zao hapahapa."

Profesa akajaribu kuvutavuta maneno. Bi Mswaki akachukua mkoba wake. Profesa akaachia meza.

Miaka sita sasa meza hiyo inamlisha. Pana bomba, pana umeme, na mafundi wote wa mtaa wanajua pa kumpata. Akiondolewa hapo, ni mwanamke mwenye karai na mswaki basi.

Uchafu haumtishi. Mende hupenda mashine ya gemu kwa joto lake. Huzaa humo, hunya humo, hufia humo, na wajukuu wao hutembea juu ya maiti. Amekuta soda iliyogeuka utomvu, mkojo wa paka, hata matapishi. Hivyo vyote vinatoka. Kinachomtia kinyaa ni kazi mbovu ya mkono wa mtu mzima aliyejua anachofanya.

Na mwaka huu mtaa uliingiwa na wazimu wa swichi. Mashine ya gemu ina chipu inayotunza programu ya kuiwasha. Fundi anapandikiza chipu ya pili yenye programu iliyochezewa, kisha anaweka kiswichi pembeni: ukigeuzia huku ni ya kiwandani, ukigeuzia kule unacheza gemu za kunakili. Ni kazi ya nyaya nyembamba na mkono usiotetemeka. Na swichi haiguswi mpaka mashine izimwe kabisa. Ukiigeuza ikiwa inawaka, programu inaweza kuvurugika usiione tena. Profesa alikuwa anaweka swichi tatu kwa siku, huku anapiga soga.

Asubuhi moja akaingia kinyozi wa ng'ambo ya barabara, mashine kaikumbatia kifuani. Hiyo mashine ndiyo iliyowafanya wateja wake wakubali kusubiri zamu.

"Profesa, gemu lako limekufa."

"Gemu langu? Limekufa kwako, likawa langu?" Profesa hakuinua hata kichwa. "Mmegeuza swichi ikiwa inawaka. Si nilikuonya?"

"Swichi niliibandika plasta siku ileile uliponikabidhi! Hakuna aliyeigusa."

"Wote husema hivyo. Iache ioshwe. Ila bodi hiyo naiona marehemu, ujiandae kununua nyingine."

Kinyozi akamgeukia Bi Mswaki. "Mama, wewe ndiye unayeosha. Utaniambia kilichoiua?"

"Rudi jioni," akasema.

Akaigeuza mashine. Plasta ilikuwepo kweli, imeshikana na kesi, ukingo wake umeota nywele na vumbi la miezi. Akafungua kesi, akasonya. Profesa alikuwa ametoboa tundu la swichi kwa drili bila kuitoa bodi. Unga wa chuma umetapakaa kila mahali, umeunganisha miguu ya chipu ambayo haikupaswa kukutana. Nyaya zilikuwa za spika ya masikioni, nene, zimelazwa juu ya kila kitu. Njia moja ya shaba imeng'oka, imeunganishwa juu juu kwa tone la risasi ya kulehemia, kubwa kama kunde. Na juu ya yote gundi ya moto, imemwagwa kama kamasi ili mtu asione.

Akaibandua gundi. Chini yake shaba ilikuwa kijani, inaoza. Akanusa. Asidi. Ile asidi ya mafundi wa kuziba ndoo, wanayopaka bati kabla ya kulehemu. Kwenye ndoo ni sawa. Unaisuuza ndoo na maisha yanaendelea. Kwenye bodi inakula taratibu, miezi mitatu, minne, mpaka imalize.

"Shemeji," akaita, "umepaka bodi ya watu asidi ya ndoo?"

"Inashika haraka," Profesa akajibu. "Wewe osha tu, shemeji. Hujaajiriwa kuangalia."

"Nitaosha nimefumba macho?"

"Ukiweza, itanifaa zaidi. Na jioni useme ni swichi. Ukisema vinginevyo, utafute pa kuweka karai lako."

Mchana mdogo wake alileta chakula cha mumewe, naye alikuwa ameshapigiwa simu. Alikaa juu ya kiti cha wateja, akasema kwa sauti ya chini, "Dada, tafadhali. Ukimuumbua mume wangu, mimi uso wangu nauweka wapi?"

Bi Mswaki akafikiria. Hasira haikodishi meza. Kabla kinyozi hajarudi, akamwendea Profesa na mkataba wake: "Kabatini una bodi nzima tano. Mfungie moja, bure, bila swichi. Mimi nitafunga mdomo."

"Hata sasa hivi," Profesa akasema, akaenda kabatini moja kwa moja. Ulikuwa wepesi wa kutilia shaka.

Jioni kinyozi akachukua mashine inayowaka. "Ilikuwa nini, mama?"

"Inawaka au haiwaki?"

"Inawaka."

"Basi nenda kanyoe watu."

Alipotoka, Profesa akaisogeza ile bodi iliyooza mpaka mbele ya karai. "Sasa hii ing'arishe. Nitaiungaunga, ikiwaka nusu saa inanitosha. Kuna mama anakuja kesho kumnunulia mwanawe mashine."

Bi Mswaki aliitazama bodi, akamtazama shemeji yake aliyekuwa akilamba mchuzi kidoleni. Kumbe bei ya ukimya wake ilikuwa hiyo: kinyozi kaponywa, mwingine kachinjwa, na yeye ndiye wa kuosha kisu.

Akachukua bisibisi bapa, akaichomeka chini ya chipu ya kwanza, akaing'oa na shaba yake. Akang'oa ya pili. Akazitupa zote kwenye tundu la sinki, akafungulia maji.

"Nimeiosha," akasema.

Profesa alipiga kelele mpaka watu wakasimama mlangoni. Bi Mswaki alikuwa tayari anafunga spiriti kwenye mfuko. Alivuka barabara na karai lake kichwani, akaingia kwa kinyozi bila kupiga hodi.

"Pale nyuma una bomba na soketi, na unaweka masanduku matupu. Nataka hapo. Mashine yako nitaiosha kila mwezi."

"Mmegombana na Profesa?"

"Tumetofautiana juu ya kuosha."

"Kuna nini, mama? Niambie."

"Nilitoa neno langu. Masanduku unayatoa au niyatoe mimi?"

Kinyozi akayatoa.

Mafundi walimfuata kabla wiki haijaisha, maana mavi ya mende hayana anayeyataka. Mdogo wake hakuvuka. Hupita ng'ambo na chakula cha mumewe, shingo kaikaza kama aliyelala vibaya, na Bi Mswaki humwona kwenye kioo cha kinyozi. Hamwiti. Tatizo lake sasa ni nywele za wateja: zinaruka, zinatua kwenye bodi mbichi, zinanata. Ametundika shuka katikati ya chumba, na bado zinapita. Anazibana moja moja kwa kibanio, anasonya, anaendelea.