Mafundo ya Shela ya Bi Hind

Masouda binti Sleyum hakuweza kuona kitu kilichokunjamana akakiacha. Tangu alipokuwa msichana Unguja, akishona kofia ubavuni mwa mama yake, tabia hiyo ilimletea sifa. Mwaka 1967, huko Matrah, pwani ya Uarabuni, nusura imletee balaa.

Ulikuwa mwaka wake wa tatu tangu ateremke bandarini na cherehani na sanduku moja. Wanawake wa mtaa walimpa kazi za kuokoteza: foronya, suruali ya mtoto, kofia ya mume. Nguo za harusi zilikwenda kwa Bakhita, fundi mwenyeji, ambaye kila akikutana naye alimuuliza kwa huruma ya uongo, "Mzinjibari, ungali na foronya zako?" Kwa hiyo Jumanne asubuhi, Bi Hind alipoingia mwenyewe na kitambaa mkononi, moyo wa Masouda uliruka. Bi Hind alikuwa anamwoza binti yake Nasriya kwa watu wa Bawshar, na harusi hiyo ilizungumzwa Matrah nzima.

"Hii shela ya Nasriya," alisema Bi Hind. "Nimeikata kwenye sari iliyotoka Kachi, Bara Hindi. Nitilie zari ya dhahabu kwenye pindo, uniletee Alhamisi alasiri. Ikinipendeza, nguo zote saba za bibi harusi nnakupa wewe. Isiponipendeza, Bakhita nnajua anapokaa."

"Hutojuta, Bi Hind."

Bi Hind akaenda zake bila kuongeza neno. Alidhani kila fundi duniani anajua lililobaki.

Masouda akakikunjua kitambaa. Kilikuwa chekundu, lakini kimejikunyata kama ngozi ya vidole vilivyokaa majini, na juu yake vimesimama vifundo vidogo kama mbegu za papai, kila kimoja kimezongwa uzi. Masouda akasonya. Hawa wapakiaji wa meli, alifikiri, wanafunga hata visivyofungika! Akashika pembe mbili, akavuta. Tap-tap-tap! Nyuzi zikaruka, na chini ya kila fundo ikachomoza nukta nyeupe. Raha aliyoipata haina kifani. Alivuta mpaka adhuhuri, akafagia nyuzi akazitupa motoni, kisha akatia makaa kwenye pasi, akainyoosha shela hata ikalala kama karatasi.

Akaingia jirani yake Jamnabai, mke wa Baniani muuza viungo. Jamnabai alizaliwa Unguja, na Kiswahili chake kilikuwa kitamu kushinda cha wengi. Alipoiona shela, alikaa chini bila kukaribishwa.

"Masouda, mafundo yako wapi?"

"Nimeyafungua. Yalikuwa yananitia wazimu, shoga."

"Arre! Umeyafungua wewe?"

Jamnabai akamweleza. Mafundi wa Kachi hufunga mafundo kabla ya kutia rangi. Penye fundo rangi haiingii, pakabaki nukta nyeupe. Nguo huuzwa na mafundo yake, ndiyo ushahidi kwamba ni kazi ya mkono, maana siku hizi viwanda vinachapa nukta zizo hizo kwa mashine. Mwenyewe huyavuta mbele ya watu. Na Alhamisi Bi Hind alikuwa amemwalika Bi Mahbuba, mama wa bwana harusi, aliyekwisha kutangaza Bawshar nzima kwamba watu wa Matrah huoza kwa nguo za kuchapwa.

"Ukimpelekea imenyooka hivi, atasema umembadilishia," alisema Jamnabai. "Na Bakhita atazipata habari kabla hujafika kwako."

Masouda alipitisha kidole juu ya shela. Kisha macho yake yakaanza kucheka kabla ya mdomo.

"Nukta si zipo?"

"Zipo."

"Basi kila nukta ndipo palipokuwa na fundo."

Jamnabai alicheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya sari yake. "We mwanamke! Unataka kughushi kitu cha kweli?"

"Sighushi. Nnarudisha."

Nukta zilikuwa elfu moja na ushei. Lakini vidole vilivyokulia kwenye kofia, vinavyozungusha uzi kwenye kitundu kisichozidi punje ya mtama, havikuogopa. Masouda alibana nukta, akazonga uzi, akakaza, akahamia nyingine. Siku ya pili wakagundua kosa: uzi wao ni mweupe pe, na wa Kachi huwa umelowa rangi nyekundu. Jamnabai akatia tambuu kinywani, akatafuna kwa bidii, akatemea bakulini.

"Laana!" Masouda akaziba pua.

"Leta uzi," alisema Jamnabai.

Alhamisi asubuhi Masouda alimaliza zari ya pindo, wakaishika shela juu ya mvuke wa birika hata ikajikunyata tena, na alasiri wakaipeleka pamoja.

Wageni walikuwa wamejaa. Bi Hind alishika ncha moja, akampa Bi Mahbuba ya pili, akamtazama usoni kama anayemwambia haya sasa. Wakavuta. Tap-tap-tap! Wanawake wakapiga vigelegele. Bi Mahbuba aliinama akanusa.

"Mbona inanuka tambuu?"

"Wafungaji wa Kachi hawaitoi kinywani," alidakia Jamnabai kutoka pembeni. "Toka asubuhi hata jioni."

Bi Mahbuba akakubali kwa kichwa, kama mtu aliyekuwa akilijua hilo siku zote. Wakaendelea kuvuta. Kwenye pembe, fundo likafunguka, na chini yake hapakuwa na kitu. Pekundu tupu.

Kidole cha Bi Hind kilisimama pale pale. Fundo lililofungwa kabla ya rangi haliwezi kukosa nukta, na Bi Hind alilijua hilo. Akainua macho, akamwona Masouda anavyoyakwepa yake, akaelewa. Akafumbua mdomo. Lakini mbele yake Bi Mahbuba alikuwa ameishika nguo kifuani, anawaambia wenzake, "Hii kazi ya mkono kweli, nimekoma." Kumfichua fundi kungekuwa kujivua nguo mwenyewe.

"Hapa," alisema Bi Hind kwa sauti ya watu wote, "patatiwa nyota ya zari. Ndivyo nilivyoagiza." Akamsogelea Masouda sikioni. "Kesho njoo uchukue nguo saba. Na uje na hadithi nzima, mshenzi we, usinipunguzie hata neno."

Mwaka ule kila bibi harusi wa Matrah alitaka nyota moja ya zari kwenye pembe ya shela. Bakhita naye alizishona, nzuri kabisa. Siku moja hakuvumilia, akaja kumuuliza Masouda ina maana gani hasa.

"Mila ya Kachi," alijibu Masouda, akaendelea kupiga pasi.